Kabla ya kuuliza bei ya bastola, pima mkono wako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, yule mfanyabiashara wa mahindi wa Busia aliyeandika wiki tatu zilizopita akiomba ushauri. Alieleza kwamba taratibu zote za polisi amezikamilisha, kibali anacho, na muuzaji mwenye leseni amemtengea bastola tatu achague moja. Zote ni kuukuu, mabaki ya maghala ya majeshi ya zamani: Tokarev, Makarov na Browning. Baada ya hapo mlichapisha majibu manne. Mmoja alimwambia achukue Tokarev kwa kuwa risasi yake inapenya. Wa pili alisema Browning, maana inabeba risasi 13. Wa tatu aliitetea Makarov kwa wepesi wake. Wa nne aliandika juu ya bei tu, akamshauri asubiri ishuke.

Nimezisoma barua hizo mara mbili, kalamu mkononi. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mkono wake ukoje.

Mimi ni mwanamke wa Tororo, hapa Uganda, sajini mstaafu wa polisi. Nilitumika miaka 24, na 17 kati ya hiyo niliishi ndani ya ghala la silaha: kupokea, kusafisha, kutoa, kuandika daftarini, kupokea tena. Siku hizi nafundisha walinzi wa kampuni binafsi jinsi ya kushika silaha na kuitunza, siku tatu kwa juma. Bastola zilizopita kwenye vidole vyangu siwezi kuzihesabu, na nyingi zilikuwa zimekwisha kutumikia nchi nyingine kabla hazijafika kwetu. Kwa hiyo habari ya silaha kuukuu naijua kwa kuishika.

Siku ya soko hapa Tororo, mwangalie mama anayenunua mpini wa jembe. Hachukui ule wa juu kwenye fungu. Anaushika, anaupima uzito, anauzungusha kiganjani, anainama kidogo kama anayelima, anaurudisha, anashika mwingine. Muuzaji hamkasirikii. Anajua mpini mnene utamchosha na mwembamba utamteleza, na mvua haisubiri malengelenge yapone. Sasa mtoto wa mama huyohuyo akiajiriwa ulinzi, atakabidhiwa bastola kutoka kwenye rafu, yoyote iliyo karibu na mlango, atie sahihi aondoke zake.

Yalinipata na mimi. Nilipokuwa kijana katika kazi, kwenye mafunzo ya shabaha, niligawiwa CZ 75, bastola ya Chekoslovakia ambayo jina lake limebeba mwaka iliotoka. Ni silaha nzuri sana. Mwenye mkono mkubwa akiishika huwa hataki kuirudisha, maana mpini wake umejipinda kama uliofinyangwa kwa udongo. Lakini mkono wangu, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, una sentimita 16 na nusu. Nyundo, yaani kile chuma cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, ikiwa imelala, kifyatulio cha bastola ile kinakaa mbele kabisa, na kidole changu cha shahada kilikifikia kwa ncha tu, karibu na ukucha. Ili nikivute ilinibidi niuzungushe mkono wote kuelekea kulia, kiasi kwamba mgongo wa mpini ulitoka kwenye bonde la gumba na shahada ukaja kukaa juu ya kifundo cha gumba. Risasi ya kwanza ikaenda kushoto, kwenye udongo. Ya pili vivyo hivyo. Teke la bastola badala ya kuingia kwenye kiganja na kupanda mkono mzima liligonga kile kifundo, na kufika risasi ya 10 gumba lilikuwa limevimba. Mwalimu akasema mbele ya wote kwamba wanawake ndivyo tulivyo, tunaogopa mlio.

Sikuwa naogopa mlio. Nililala usiku ule nikiwa nimekunja ngumi kwa maumivu, na kwa miaka miwili nikaamini kwamba sina shabaha. Ilikuwa mpaka nilipohamishiwa ghalani, na siku moja, katika kusafisha, nikashika Browning kuukuu ambayo weusi wake ulikuwa umekwisha kwenye kingo, nikahisi kidole kimefika mahali pake bila kutafuta. Niliomba ruhusa kwa afande wa zamu tukaenda uwanja wa shabaha. Mashimo sita kati ya nane yaliingia katika nafasi ya sahani ya chai, mita 15. Mkono ulikuwa uleule, mwanamke yuleyule.

Ndugu yangu wa Busia, bastola kukaa mkononi si suala la starehe kama kiti chenye mto. Kuna mambo ambayo mkono unayaona kabla ya wewe kuyaona. Hakikisha kwanza magazini, kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini, imetoka; vuta nyuma slaidi, chuma cha juu kinachoteleza; tazama chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha tia kidole chako kidogo ndani ya chemba uhakikishe kwa kugusa, hata kama muuzaji amekwambia ni tupu. Hasa kama amekwambia ni tupu. Baada ya hapo ishike kama unayemsalimia mtu unayemheshimu, imara bila kubana. Bonde lako la gumba na shahada liwe juu kabisa kwenye mgongo wa mpini. Mtutu na mfupa wa mkono wako, kutoka kiwiko, viwe mstari mmoja. Usiubadilishe mstari huo. Sasa, bila kuzungusha mkono, peleka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Ule mto wa nyama wa pingili ya kwanza ukikaa katikati ya kifyatulio, umepata. Ikiwa ni ncha tu inayogusa, kila ukivuta utasukuma mtutu kushoto, kama unatumia mkono wa kulia. Na kama kidole kimezama hadi mkunjo wa pili, mpini ni mdogo kwako, utavuta kuelekea kulia.

Halafu fumba macho. Inyanyue bastola tupu kuelekea ukutani kama unayemwonyesha mtu kitu kwa kidole, kisha fumbua. Mtutu unatazama wapi? Kama unatazama ulipokuwa unataka, mpini huo una pembe ya kiwiko chako. Kama unatazama sakafu, kila siku utakuwa unaisahihisha, na siku ya hofu hakuna anayekumbuka kusahihisha.

Hapo ndipo nilipo na shaka juu ya ushauri wa Tokarev. Nimeisafisha mara nyingi na naiheshimu. Fedor Tokarev aliitengenezea jeshi la Kisovieti miaka ya 1930, chuma chake ni kigumu, unaifungua bila zana, na mpini wake ni mwembamba kiasi kwamba hata vidole vifupi vinaizunguka. Kifyatulio kiko karibu kwa sababu nyundo lazima iwe imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari, kabla ya kupiga. Mtu mwenye mkono kama wangu akiishika mara ya kwanza anafurahi. Lakini mpini ule umesimama karibu wima. Fanya jaribio la kufumba macho, na watu wengi wataikuta inatazama magoti ya adui. Tena haikuumbwa na kilinda usalama cha kidole, ile swichi ya kuizuia isipige. Ina kituo cha nusu tu, mahali nyundo inaponaswa katikati ya njia, na hicho sikiamini katika bastola iliyochakaa. Nyingine huongezewa kilinda usalama baadaye, ili ziruhusiwe kuingia nchi kama Marekani. Ukikuta ya namna hiyo, mwulize muuzaji kazi hiyo ilifanywa wapi.

Na huko kupenya kwa risasi kunakosifiwa! Risasi ya milimita 7.62 ya Tokarev ni ndogo, ina kasi kubwa, na haisimami kwenye bati. Ndugu yangu anauza mahindi Busia. Ghala lake limezungukwa na vibanda vya mabati na mbao, na nyuma ya kila bati kuna mtu amelala. Aliyemsifia kupenya angefikiria na upande wa pili wa ukuta.

Makarov nayo. Ilipokelewa katika jeshi la Kisovieti mwaka 1951, ina gramu 730 bila risasi, risasi 8 kwenye magazini, na ni fupi kuliko zile mbili nyingine. Mpini wake una siri moja ambayo wauzaji wengi hawaielezi: ile plastiki ngumu inayozunguka pande zote mbili na mgongo ni kipande kimoja, kimeshikwa na skrubu moja tu nyuma. Ukiifungua skrubu hiyo unavua mpini mzima kama kiatu. Kwa hiyo Makarov, kati ya silaha kuukuu, ni moja ya chache unazoweza kuzibadilishia mpini kwa dakika mbili. Fundi silaha mwenye kibali akiwa na vipande viwili au vitatu vya unene tofauti, mtu mnene na mtu mwembamba wanaweza wote kufaidika na chuma kilekile.

Lakini kifyatulio chake, nyundo ikiwa imelala, ni kirefu na kizito. Risasi ya kwanza inataka nguvu ya kidole, zinazofuata ni laini kwa sababu slaidi imekwisha kukoki nyundo. Nimewaona walinzi ambao risasi yao ya kwanza inaangukia mbali na nyingine saba zinakaa pamoja kama vifaranga. Hapo usimlaumu mlinzi kwa haraka. Kuna ndugu yake wa Kipolandi, P-64, ndogo, nzuri kwa macho, ambayo uzito wa kifyatulio chake nyundo ikiwa chini umewashinda hata wanaume wa kupakia magunia. Nyingi zimeuzwa nje kama mabaki ya jeshi. Nikiona mtu anainunua kwa sababu ya udogo wake, namwomba aivute mara kumi mfululizo ikiwa tupu, kisha aniambie kama bado anaitaka.

Niongeze hapa, kwa kuwa kosa hili nimelikuta: risasi ya Makarov na risasi ya Browning zote zinaitwa milimita 9, lakini si kitu kimoja. Ganda la Makarov lina urefu wa milimita 18, la Browning milimita 19, na hata kipenyo cha kichwa cha risasi kinatofautiana. Usikubali kuuziwa boksi kwa kuambiwa "ni tisa tu". Soma maandishi.

Browning nimeshaisifu, kwa hiyo niseme na ubaya wake. Ilianza kuchorwa na John Browning wa Marekani, naye alifariki mwaka 1926 kabla haijakamilika. Dieudonné Saive wa kiwanda cha silaha cha FN, Ubelgiji, ndiye aliyeimalizia, ikatoka mwaka 1935. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba magazini yake imepanga risasi 13 kwa safu mbili zinazopishana, na bado mpini haukunenepa. Waingereza waliitumia hadi mwaka 2013, na majeshi mengi yaliyorithi desturi zao yaliinunua, ndiyo maana bado tunakutana nayo. Kifyatulio ni kifupi kwa kuwa nyundo inakokiwa kwanza. Hata hivyo, mtu mwenye nyama nyingi kwenye bonde la gumba ataumwa na nyundo: slaidi ikirudi nyuma, nyundo inashuka na kuuma ngozi, na baada ya risasi 50 utaona damu. Kilinda usalama cha zile za zamani ni kidogo kama punje ya mchele na kigumu kukisukuma. Na kuna chuma ndani kinachozuia isipige magazini ikiwa imetoka. Chuma hicho ni kizuri kwa usalama, lakini kinakifanya kifyatulio kikwaruze. Ukiijaribu, ijaribu ikiwa na magazini tupu ndani, la sivyo hutapata jibu lolote.

Umeona, ndugu yangu, kwamba sikukwambia chukua hii. Siwezi. Sijaona mkono wako.

Mwaka jana kampuni moja ilinipa kundi la wanafunzi 11. Kulikuwa na msichana wa Butaleja, binti mwenye nidhamu, anafika kabla ya wote. Mikono yake ina sentimita 16. Kampuni ilikuwa na aina moja ya bastola, mipini minene, na msimamizi alinionya mapema kwamba huyo ni wa kurudishwa nyumbani, anapoteza risasi. Nilimwomba aishike mbele yangu ikiwa tupu. Gumba limepanda kwenye mgongo wa mpini, kifundo kimepinda, kidole cha mwisho kinaelea hewani. Nikamwuliza, "Mwanangu, hapo unaumwa wapi?" Akanionyesha kifundo cha gumba, mahali palepale pangu. Akasema, "Mama, nilidhani inatakiwa kuuma."

Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Kijana mwingine katika kundi lile alikuwa wa mkono wa kushoto. Yeye alikuwa anakihangaikia kilinda usalama kilicho upande wa kushoto wa slaidi, upande wa kiganja chake, akikitafuta kwa mkono wa pili kila mara. Kwa watu kama yeye Wacheki walitengeneza CZ 82, nayo siku hizi inauzwa kama kuukuu nchi nyingi: risasi 12, kilinda usalama pande zote mbili, na kitufe cha kutolea magazini pia pande zote mbili. Mpini wake lakini ni wa kifua kipana. Kwa yule kijana ingefaa, kwa binti wa Butaleja hapana. Hivyo ndivyo ilivyo, unampata mmoja unamkosa mwingine, na ghala lenye aina moja tu haliwezi kuwatosha watu 11.

Nikaenda kwa fundi seremala hapa mjini. Nilimpelekea vipimo nilivyochukua kwa kalipa ya fundi magari, akanichongea mipini mitatu ya mvule: mmoja mwembamba kama wa Tokarev, wa pili wa Makarov, wa tatu mnene kama wa CZ 75. Mahali pa kifyatulio tulipiga msumari na kuupinda. Havipigi, havitishi, mtoto akivikuta atadhani ni vitasa. Sasa kila mwanafunzi, kabla hajaona chuma, anapitia mipini hiyo mitatu mezani kwangu na mimi naandika daftarini umemkaa upi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya boksi moja la risasi. Msimamizi alipoona daftari alikubali kutafuta bastola mbili za aina nyembamba kwa njia halali. Binti wa Butaleja alifaulu mtihani wa shabaha mwezi uliofuata, na sasa yuko lindoni.

Marehemu baba yangu alikuwa askari wa polisi Jinja wakati wa Waingereza, miaka ile bwawa la Owen Falls linafunguliwa. Hakuwahi kubeba bastola. Alikuwa anamsafishia inspekta bastola yake ya mzunguko, Enfield ya inchi .38. Alikuwa akituambia ni kitu kidogo, kimekaa kama yai. Baadaye ghalani nilielewa sababu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa na Webley ya .455, chuma kizito chenye teke kubwa, na wakaona askari waliofunzwa kwa haraka hawaimudu. Wakaacha unene wa risasi, wakatafuta kitu ambacho mkono wa mtu wa kawaida utakitawala, na mwaka 1932 wakaipokea hiyo Enfield. Jeshi zima la dola lilikubali kupunguza risasi kwa ajili ya mkono. Halafu leo mlinzi wa duka anaambiwa avumilie.

Bastola mpya nyingi za siku hizi zinakuja na migongo ya kubadilisha, mnene, wa kati na mwembamba, unachomoa na kuchomeka. Kuukuu hazina hayo. Zilitengenezwa kwa mkono wa mwanajeshi wa kiume wa Ulaya wa miaka ile, na aliyezinunua kwa maelfu alinunua kipimo kimoja. Kwa hiyo anayenunua kuukuu, ukiziacha Makarov na chache nyingine, hana cha kurekebisha isipokuwa kuchagua aina nyingine, na hilo linawezekana kabla ya fedha kutoka mfukoni, si baada.

Jambo jingine juu ya kuukuu, nilipitie upesi. Nyingi hutoka ghalani zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuhifadhia. Usiipime mkononi ikiwa hivyo. Grisi inajaza mikwaruzo ya mpini na kukudanganya kwamba ni laini, na kwenye njia ya pini ya kupigia inaganda kama ulimbo. Isafishwe kwanza kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, ifutwe, itiwe mafuta mepesi, ndipo uishike. Tazama midomo ya magazini kama haijapinda. Tazama namba: ya fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, na ya slaidi zilingane, na iwepo namba iliyo wazi, haijakwanguliwa. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo, na alama kwenye silaha ni sehemu ya ahadi hiyo. Bastola iliyofutwa namba, hata ikikukaa mkononi kama glavu, iache hapo hapo na utoe taarifa. Sheria yetu ya Silaha za Moto ni ya mwaka 1970 na mkuu wa kutoa vibali ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Njia ni hiyo moja.

Najua wapo wasomaji hapa Uganda ambao Kiswahili kikizungumza habari za bunduki kinawatia baridi. Nawaelewa. Katika nyumba nyingi maneno ya kwanza ya lugha hii kusikika yalikuwa amri ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, usiku, mtu amelala kifudifudi. Jirani yangu mmoja, mama mzee, mpaka leo akisikia "simama" anashika kifua. Ndiyo sababu naona ni haki tuzungumze habari hizi kwa Kiswahili cha mezani, cha mtu anayemwelekeza mwenzake polepole. Silaha ambayo mwenye nayo haimudu ndiyo inayoua aliye nje ya ugomvi. Mlinzi ambaye kidole chake hakifiki hukaa ameogopa bastola yake mwenyewe, na mwenye kuogopa hufyatua mapema.

Ombi langu kwa wenye kampuni za ulinzi ni dogo. Mnapoagiza, msiagize aina moja kwa kuwa ni rahisi kununua risasi. Agizeni walau mbili zinazotumia risasi ileile, moja ya mpini mwembamba. Pimeni mikono ya walinzi siku mnayowapima urefu na uzito, daftari lilelile. Na wauzaji wenye leseni, mnunuzi mwenye kibali akiomba kushika zote tatu zikiwa tupu, mbele yenu, kwa nusu saa, mpeni hiyo nusu saa na kiti.

Nawe ndugu yangu wa Busia, usilipe bado. Chukua futi ya fundi cherehani, uweke mkono wa kupigia juu ya meza, upime kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Rudi kwa muuzaji ufanye nilivyoeleza kwa kila moja ya zile tatu, na uandike pingili ipi iligusa kifyatulio na mtutu ulitazama wapi ulipofumbua macho. Niletee majibu hayo kupitia ukurasa huu, Mhariri akiruhusu. Nitakujibu wiki hiyohiyo.

Sajini mstaafu,
Tororo